Kivinjari Kinachosahau: Mwongozo wa Faragha Kutoka Steshenari ya Ngamiani

Kijana alikuja na barua ya kuombea kazi ndani ya simu. Akafungua WhatsApp kwenye kompyuta yangu ya pili, akaskani, nikamtolea kurasa tatu, akalipa, akakimbilia daladala ya Pongwe. Akaunti akaiacha wazi. Mpaka alasiri kompyuta ile ikawa inalia kila dakika: mjomba anakumbushia mchango wa harusi, na mtu aliyehifadhiwa kwa alama ya moyo tu anauliza mbona kimya. Binti aliyekaa hapo kujaza fomu ya mkopo wa chuo akawa anayasoma yote, hata bila kutaka. Ikabidi nimfungie mimi.

Nina steshenari Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Kwa siku moja mezani pangu hupita namba za NIDA, vyeti vya RITA, maombi ya Ajira Portal, TIN, na siri ambazo wenyewe hawajui kama wameniachia. Tangu siku ile nimezipanga upya kompyuta zangu zote, na anayeniletea simu yake namfanyia yaleyale. Mji wetu hutaniwa kwa "waja leo, waondoka leo", ingawa waja wengi hunogewa wakabaki. Kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti, nataka kiutimize msemo huo bila mzaha: tovuti ije leo, iondoke leo, isiache mtu wake nyuma.

Yaliyomo humu yanachukua kama saa moja kwa simu moja. Hakuna cha kulipia zaidi ya bando la kupakulia.

Kwanza, unamficha nani?

Watu huniambia, "Niwekee kitu wasinione." Nani wasikuone? Wapo wa aina nne, na kila mmoja ana dawa yake. Yupo anayeshika simu yako: mke, mume, mdogo wako, fundi simu. Ipo tovuti yenyewe pamoja na watangazaji waliojificha ndani yake. Ipo njia unayopitia, yaani kampuni ya laini yako au mwenye Wi-Fi ya hotelini. Na yupo tapeli.

Hali fiche ya Chrome, ile yenye kofia na miwani, humtibu wa kwanza peke yake. Ukifunga, historia na vidakuzi (cookies, vijikumbukumbu ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari) vya muda ule hufutika kwenye simu. Lakini tovuti uliyoifungua imekuona, kampuni ya laini imeona ulikoelekea, na ukiingia kwenye akaunti yako humohumo umejitaja kwa jina. Huko Marekani Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa wakiperuzi kwa hali hiyo, na mwaka 2024 ikakubali katika maridhiano kufuta rekodi nyingi zilizokusanywa. Ile kofia imewapumbaza wengi.

Wa aina ya pili ndiye mwenye maelezo marefu. Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kwa nia njema kabisa: tovuti ikukumbuke ukirudi. Mimi nikikupa kikaratasi chenye namba ili nikutambue ukija kuchukua fotokopi zako, ubaya uko wapi? Sasa tuseme kuna tajiri mmoja ameweka kijana wake kwenye kibaraza cha duka langu, mwingine kwenye duka la dawa, mwingine kwa muuza vitenge, mwingine stendi ya Kange. Kila ukipita wanaandika, na jioni wote wanapeleka kwenye daftari moja lenye jina lako. Huyo ndiye kidakuzi cha mtu wa tatu. Saa nne umesoma habari za presha, saa sita kila ukurasa unakuuzia dawa ya presha, na wewe unadhani simu inakusikiliza ukiongea.

Kuchagua kivinjari: uliza kinakula wapi

Chrome ilitoka mwaka 2008, na mwenyewe, Google, anaishi kwa matangazo. Kwa usalama siikosoi, matobo yake huzibwa upesi. Kwa faragha ni habari nyingine. Iliahidi kuviondoa vidakuzi vya mtu wa tatu, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikauweka kando mpango wenyewe. Isitoshe, Chrome ya simu ya Android haipokei viendelezi, yaani vijiprogramu vya kuongezea uwezo wa kivinjari.

Firefox ni ya Mozilla, na juu yake lipo shirika lisiloendeshwa kwa faida. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2004. Sikufichi: sehemu kubwa ya mapato yake hutoka Google, inayolipia kuwekwa kama injini ya kutafutia. Hata hivyo tangu mwaka 2022 kivinjari cha kompyuta kinaipa kila tovuti mtungi wake wa vidakuzi, na yule kijana wa kibarazani hawezi tena kuchota kwa jirani. Kubwa zaidi kwetu tunaotumia simu, Firefox ya Android inapokea viendelezi. Hii ndiyo ninayowawekea watu.

Brave namwekea mtu ambaye najua hatagusa mipangilio hata kwa dawa. Inazuia matangazo na wafuatiliaji tangu unapoifungua mara ya kwanza. Imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, kwa hiyo tovuti zinazogoma kwenye Firefox humo hufunguka. Mwasisi wake mmojawapo ni Brendan Eich, aliyebuni JavaScript, lugha ya kompyuta inayoendesha tovuti nyingi. Mwaka 2020 ilikutwa ikijipachikia kiungo chake cha kamisheni mtu alipoandika anwani za baadhi ya tovuti za sarafu za kidijitali. Ikaomba radhi na kurekebisha, lakini doa ni doa. Ukiiweka, zima mambo ya Rewards na pochi ya sarafu, huna haja nayo.

Opera Mini hapa Tanga ina wapenzi wake, na sababu ni bando. Itazame inavyofanya kazi: ukiwasha ubanaji wa juu kabisa, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye kompyuta za Opera, hubanwa huko, ndipo unaletewa. Maana yake usiri kati yako na tovuti unakatika njiani, kuna mtu wa kati aliyeifungua barua. Kwa kusoma matokeo ya mpira haina neno. Benki usiingie nayo.

UC Browser iondoe. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba ilikuwa ikivujisha taarifa nyeti za watumiaji, na India iliipiga marufuku mwaka 2020. Mwenye iPhone abaki na Safari yake, ahakikishe tu kwamba kizuizi cha kufuatiliwa tovuti hadi tovuti kimewashwa.

Tor Browser ni kitu kingine kabisa. Huipitisha safari yako kwenye vituo vitatu, na hakuna kituo kinachojua kwa pamoja ulikotoka na unakokwenda. Ni chombo cha mwandishi wa habari au mtu mwenye jambo zito. Ni ya polepole, na ukiingia Facebook nayo kwa jina lako umeivua nguo mwenyewe.

Shauri langu ni kuwa na vivinjari viwili: Firefox ya kuzurura nayo kutwa, na Brave au Chrome iliyobaki tupu kwa benki na tovuti za serikali, kwa kuwa baadhi ya fomu zake hugoma ukizibana. Usichanganye kazi hizo mbili.

Mipangilio ya Firefox kwenye simu

Ipakue Play Store, usikubali faili la kutumiwa na rafiki. Bonyeza vidoti vitatu, ingia "Settings", tafuta "Enhanced Tracking Protection", uchague "Strict". Ukurasa ukigoma kufunguka, gusa alama ya ngao iliyo kando ya anwani, uizime kwa tovuti hiyo moja tu. Watu wengi hukosea hapa: tovuti moja imegoma, wanazima kila kitu.

Rudi nyuma, washa "HTTPS-Only Mode" ili usipitishwe njia isiyofungwa bila kuulizwa. Kisha "Data collection", zima vyote. Kwenye "Search" badilisha injini ya kutafutia uweke DuckDuckGo, isiyojenga wasifu wako kwa yale unayotafuta. Kwa mambo ya huku kwetu wakati mwingine haipati kama Google, sikatai. Hapo fungua Google kwa swali hilo moja.

Ipo na "Delete browsing data on quit". Iwashe. Ukishaiwasha, kwenye menyu ya vidoti vitatu hutokea neno "Quit", na hilo ndilo la kutokea. Ukiitelezesha programu juu kwa kidole kama ulivyozoea, usitegemee kwamba imefuta.

Halafu arifa. Mama mmoja muuza vitumbua alikuja simu ikiwa inamtisha: una virusi, safisha sasa, bonyeza hapa. Alikuwa keshapakua "visafishaji" vinne, kila kimoja kikija na matangazo yake. Simu haikuwa na kirusi. Kuna siku alifungua tovuti ya tamthilia, ikamuuliza kama inaruhusiwa kumtumia arifa, naye akabonyeza kuruhusu ili apite. Tulikwenda Mipangilio ya Chrome, mipangilio ya tovuti, arifa, tukakuta orodha ya tovuti asizozijua hata moja. Tukazifunga zote na kuzuia nyingine zisiombe tena, tukavitoa na vile visafishaji. "Kumbe nilimfungulia mlango mwenyewe," akasema. Fanya hivyo kwenye kila kivinjari ulicho nacho.

Viendelezi: kimoja kinatosha

Kwenye Firefox ingia menyu, "Extensions", uchague uBlock Origin, kizuizi cha matangazo na wafuatiliaji. Jina lisome lote, neno Origin liwepo, kwa sababu ipo nyingine inayoitwa uBlock tu na si ya mtu huyu. Aliyeiandika ni Raymond Hill, haiuzwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Baada ya kuiweka usibadilishe kitu, ilivyo inafanya kazi.

Dereva wa bajaji mmoja hakunielewa hata chembe nilipomweleza habari za faragha. "Mimi nina siri gani, anko?" Nikafungua tovuti ya habari anayoisoma kila siku, nikamwonyesha namba ya uBlock inavyopanda: 9, 17, 26, na ukurasa haujamaliza hata kushuka. Kila namba ni kitu kilichotaka kuingia kwenye simu yake kwa bando lake. Akanyamaza, kisha akasema, "Niwekee na ya mke wangu." Tangu hapo nimeacha kuanza na faragha. Naanza na bando, faragha inaingia nyuma yake.

Kwa mwenye Chrome ya kompyuta: kati ya 2024 na 2025 Google ilibadilisha kanuni za viendelezi, na uBlock Origin kamili ikaachwa nje. Iliyobaki huko ni uBlock Origin Lite. Inasaidia, ila meno yake yamepunguzwa.

Sasa kwa nini nasema kimoja? Kiendelezi kinaweza kuwa na ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua, pamoja na unachoandika humo. Great Suspender kilikuwa kiendelezi kizuri kilichopendwa na watu wengi. Mwenyewe akakiuza mwaka 2020, mnunuzi hajulikani vizuri ni nani, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu kilikuwa na msimbo mbaya. Waliokuwa nacho hawakubonyeza chochote, wao walibaki na kitu kilekile, kilichobadilika ni mwenye nyumba. Hata Avast, iliyojulikana kwa kulinda kompyuta, ilibainika kuuza historia za kuperuzi za watumiaji kupitia kampuni yake ya Jumpshot, na mwaka 2024 ikatakiwa Marekani kulipa dola milioni 16.5.

Kuna na suala la unyayo. Tovuti inaweza kukutambua hata bila kidakuzi, kwa kupima ukubwa wa kioo, lugha, saa za eneo, fonti na hivyo viendelezi vyako. Ukijipachika vidude kumi ili ufichike, unakuwa kama mtu aliyevaa koti la baridi soko la Mgandini saa saba mchana. EFF, shirika la Marekani la kutetea haki mtandaoni, lina jaribio linaloitwa Cover Your Tracks. Lifungue kabla na baada ya mabadiliko haya uone mwenyewe.

DNS ya faragha, kwa ajili ya programu nyingine zote

uBlock inalinda ndani ya Firefox. Michezo na programu nyingine za simu zina matangazo yake. Dawa yake ni DNS, huduma ambayo simu huiuliza tovuti fulani iko wapi kabla ya kuifungua. Android 9 na kuendelea ina sehemu iitwayo "Private DNS", mara nyingi ndani ya mipangilio ya mtandao. Chagua ile ya kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika dns.adguard-dns.com ukitaka kuzuia matangazo, au dns.quad9.net ukitaka kuzuia tovuti zinazojulikana kwa udanganyifu na virusi. Quad9 iko Uswisi na haiendeshwi kwa faida.

Andika herufi kwa herufi. Usianze na https, usiache nafasi mwishoni. Mteja mmoja alirudi kesho yake akilalamika laini imekufa, ameongeza vocha mara mbili na intaneti haipo. Kumbe kibodi ilimwekea nafasi baada ya ile "com". Na Wi-Fi ya hotelini ikikataa kufungua ukurasa wake wa kuingilia, irudishe kwanza kwenye otomatiki, uingie, kisha uiweke tena.

VPN? Polepole

Hili ndilo swali la kwanza la vijana, nami nimeliweka nyuma makusudi. VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, inaihamisha imani yako kutoka kampuni ya laini kwenda kwa mwenye VPN. Ya bure lazima ile mahali. Facebook ilinunua Onavo mwaka 2013, watu wakaipakua kama VPN ya kuwalinda, kumbe ilikuwa ikimwonyesha mwenyewe ni programu zipi watu wanatumia na kwa kiasi gani. Apple iliilazimisha kutoka kwenye duka lake mwaka 2018. Jingine la kujua: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN nchini watoe taarifa zake kwao. Kwa hiyo kabla ya kuiweka, fuatilia utaratibu unasemaje. Kwa mahitaji ya mtu wa kawaida, hatua zilizotangulia zinatosha.

Programu za kutoa na za kuweka

Toa WhatsApp GB. Najua ina madoido, najua inaonyesha ujumbe uliofutwa. Lakini haitoki kwa WhatsApp, haipo Play Store, na meseji zako zinaweza kupita mikononi mwa mtu usiyemjua. Hifadhi mazungumzo, rudi kwenye ile halisi, au hamia Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe.

Toa programu za mikopo ya haraka zinazodai ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu. Ukichelewa siku moja, shemeji na bosi wako wanatumiwa ujumbe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zisizo na leseni. Kabla ya kukopa, uliza leseni.

Kwa zilizobaki pita kwenye ruhusa moja moja. Tochi haihitaji kujua uko Makorora au Raskazone.

Nywila zihifadhi kwenye Bitwarden, au KeePassDX kama hutaki zitoke nje ya simu. Kazi za ofisi, LibreOffice inatosha na ni ya halali, tofauti na zile zilizokrakiwa ambazo huja kwenye flashi pamoja na wageni wake. Na mwenye kompyuta ya Windows 7 ajue kwamba Chrome iliacha kuihudumia mapema mwaka 2023. Kivinjari kizuri juu ya mfumo uliooza ni kufuli jipya kwenye mlango wa makuti.

Ukiwa kwenye kompyuta ya watu

Hapa naongea kama mwenye duka. Kabla hujaandika chochote, omba ufunguliwe dirisha la mgeni kwenye Chrome au dirisha la siri kwenye Firefox. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Ukimaliza, jitoe kwenye akaunti kwanza, ndipo ufunge dirisha. Faili ulilopakua limebaki kwenye folda ya Downloads: lichague, bonyeza Shift na Delete kwa pamoja, lisipitie kwenye kapu la taka. Kama ulifungua WhatsApp, toa simu yako ukiwa hapohapo, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, uikate kompyuta hiyo. Nakala iliyoharibika usiiache kwenye trei, ichane au ondoka nayo.

Ukiona steshenari inakusanya nakala za vitambulisho vya watu bila sababu, una haki ya kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Mimi nilipoisoma nilirudi dukani nikafuta faili za miaka mitatu.

Kompyuta zangu sasa Firefox haikumbuki historia, haihifadhi nywila, na kila jioni kabla ya kufunga namwaga folda ya Downloads. Juu ya kila kioo nimebandika karatasi yenye herufi kubwa: UMETOKA? Wiki ya kwanza mzee mmoja wa Chumbageni alimaliza kuchukua cheti chake, akaisoma ile karatasi taratibu, akainuka, akaenda mpaka barabarani, kisha akachungulia mlangoni.

"Nimeshatoka, mwanangu. Sasa nifanyeje?"

Nimeandika nyingine: UMEFUNGA AKAUNTI YAKO?